Ardhi haitumiwi na jumla: jiografia ya idadi ya watu katika mipango ya matumizi ya ardhi

Swali: "Ninasoma jiografia, mwaka wa pili, na nimechagua kujikita katika jiografia ya idadi ya watu. Mwenzangu anayesoma mipango ya ardhi ananiambia kwamba yote nitakayojifunza yamo ndani ya jedwali moja la sensa, na kwamba mpangaji akishapata jumla ya watu na kasi ya ongezeko lao hana kingine anachokihitaji kutoka kwetu. Je, ni kweli? Kama si kweli, nisome nini hasa ili nifae katika kazi ya kupanga ardhi, na tasnifu yangu niielekeze wapi?"

Ndugu msomaji, mwenzako amekosea, ila kosa lake halikuzuka hewani. Mipango mingi ya ardhi huwa na sura moja yenye kichwa "Idadi ya Watu", ambamo mna jumla, kasi ya ongezeko na makadirio ya miaka 20 ijayo, na baada ya ukurasa wa mwisho wa sura hiyo watu hawatajwi tena mpaka mwisho wa kitabu. Nimesoma mipango ya aina hiyo mingi kiasi kwamba siku hizi, nikipewa mpango niupitie, huanzia kurasa za katikati, kwenye migawanyo ya viwanja, malisho na barabara, nikitafuta kama kuna mahali hata pamoja ambapo uamuzi ulibadilika kwa sababu ya jambo lililojulikana kuhusu watu. Mara nyingi sipaoni. Aliyezoea mipango ya namna hiyo ana haki ya kudhani kwamba jumla inatosha.

Lakini jumla haijengi nyumba wala hailimi. Ardhi hutumiwa na kaya za ukubwa fulani, zenye watu wa umri fulani, zinazokuja na kuondoka kwa nyakati fulani, na zilizochagua upande huu wa mto badala ya ule kwa sababu ambayo ukiichunguza utaijua. Mtaalamu wa demografia atakuambia watu wanazaliwa, wanakufa na wanahama kwa viwango gani. Mwanajiografia anachukua viwango hivyo hivyo na kuuliza ni wapi, kwa nini ni hapo, na mahali penyewe pamewafanyia nini watu hao, nao wamepafanyia nini. Glenn Trewartha alipowahutubia wanajiografia wenzake wa Marekani mwaka 1953 aliwalaumu kwa kuandika kurasa nyingi kuhusu miamba, hali ya hewa na mazao huku wakimwacha mtu pembeni, ilhali mtu ndiye anayevipa vyote hivyo maana. Hotuba ile ndiyo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa tawi letu kujitambua. Kwa mpangaji wa ardhi, lawama ile bado ina uzito.

Tuanze na msongamano wa watu, kwa kuwa ndiyo namba ambayo kila mtu huifahamu na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Misri ina eneo linalokaribia kilomita za mraba milioni 1, na mwaka 2020 watu wake walivuka milioni 100. Ukigawanya unapata watu 100 hivi kwa kila kilomita ya mraba, namba isiyomtisha mpangaji yeyote. Ila karibu watu wote hao wanaishi kwenye bonde la Nile na delta yake, sehemu isiyozidi sana asilimia 5 ya nchi, na humo msongamano unafika watu 2,000 hivi kwa kilomita ya mraba. Mpangaji anayeshika namba ya kwanza ataona nchi yenye nafasi tele. Anayeshika ya pili ataona kwamba kila nyumba mpya inayoota kijijini inakula shamba la umwagiliaji lisiloweza kupatikana kwingine. Serikali ya Misri iliona hivyo, na tangu miaka ya 1970 imekuwa ikijenga miji mipya jangwani ili kulinusuru bonde. Mingi kati ya miji hiyo ilikaa miaka mingi na wakazi wachache kuliko waliotarajiwa, kwa sababu ardhi tupu ilikuwepo lakini kazi, usafiri na jamaa vilibaki bondeni. Hapo utaona tofauti kati ya kujua kwamba watu wamesongamana na kujua kinachowashika mahali waliposongamana.

Ndiyo maana tunatofautisha msongamano wa jumla, msongamano kwa ardhi inayolimika, na msongamano wa wakulima peke yao kwa ardhi hiyo. Uholanzi ina watu zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu, lakini wanaoishi kwa kulima ni wachache, hivyo mashamba yao hayagawanyiki kwa urithi vipandevipande kama yanavyogawanyika mahali ambapo wengi wa watu hao hao wangekuwa wakulima. Jumla mbili zinazofanana zinaweza kuidai ardhi mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Zaidi ya hayo, msongamano unategemea mpaka uliochorwa. Chukua kata moja yenye msitu wa hifadhi upande mmoja na mji mdogo upande wa pili. Wastani wake utakuwa wa chini, na mgawanyo wa huduma utakaofuata wastani huo utaunyima mji zahanati kwa kosa la kupakana na miti. Sogeza mpaka kilomita tatu, mji ule ule utaonekana kufurika ingawa hakuna mtu hata mmoja aliyehama. Kwa hiyo kabla hujaiamini ramani ya rangi inayoonyesha msongamano kwa kata au wilaya, ichore upya kwa maeneo ya kuhesabia watu, yale madogo ambayo karani mmoja wa sensa huyamaliza kwa siku chache, au itawanye kwa nukta juu ya picha ya satelaiti. Mara nyingi picha inayotokea ni nyingine kabisa.

Sasa nikae kidogo kwenye neno ambalo kwa maoni yangu limeleta migogoro ya ardhi kuliko maneno mengi: "ardhi tupu". Tuseme kaya inalima hekta 2 kila msimu. Shamba hulimwa miaka 2, kisha hupumzishwa miaka 8 ili udongo urudishe nguvu. Mzunguko mzima ni miaka 10, na kaya hiyo, ili isilimalize shamba lake, inahitaji hekta 10 zinazolimika, ambazo 8 kati yake siku yoyote utakayopita zitaonekana ni vichaka. Kama nusu tu ya eneo hilo ndiyo inayolimika, na iliyobaki ni mawe, mabonde ya maji na miinuko mikali, basi kaya hiyo moja inahitaji hekta 20 za eneo zima. Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoipanga William Allan, aliyefanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuichapisha mwaka 1949: unachukua eneo linalolimwa kwa kila mtu, unazidisha kwa idadi ya mashamba ambayo mzunguko unayahitaji, kisha unarekebisha kwa sehemu ya ardhi inayofaa kulimwa. Jibu lake ni kiwango cha watu ambacho kikizidi, mapumziko ya shamba huanza kufupishwa na udongo huanza kuchoka.

Mpangaji asiyeijua hesabu hiyo hufika na picha ya angani, huona hekta 18 zisizolimwa kando ya hekta 2 za mahindi, na huandika kwenye rasimu yake kwamba eneo lina ziada kubwa linaloweza kupewa mwekezaji au kuingizwa hifadhini. Kwa jicho lake hajamnyang'anya mtu. Kwa kweli amechukua mapumziko ya shamba, ambayo ni sehemu ya shamba. Hali ni hiyo hiyo kwa malisho ya kiangazi: mfugaji hayupo pale miezi minane, na miezi minne inayobaki mifugo yake haina pengine pa kwenda.

Usiichukulie hesabu ya Allan kama sheria isiyovunjika. Mchumi Thomas Malthus alishaandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kuliko chakula, na hofu ile haijawahi kutoweka katika fikra za wapangaji. Ester Boserup akaja mwaka 1965 na hoja iliyoigeuza: wingi wa watu wenyewe huwasukuma wakulima kubadili mbinu, kufupisha mapumziko, kutia samadi, kuchimba matuta na kumwagilia. Wote wawili wameonekana kuwa sahihi mahali fulani. Kinachoamua mara nyingi ni kama mkulima ana uhakika kwamba shamba analolitia samadi mwaka huu litakuwa lake miaka 10 ijayo, kama ana soko, na kama nyumbani kumebaki mikono ya kufanya kazi ya ziada. Hayo yote ni maswali ya idadi ya watu na ya umiliki wa ardhi kwa pamoja, wala hayajibiwi na mmoja wetu akiwa peke yake.

Mjini, jumla hudanganya kwa njia nyingine, na njia hiyo ni kaya. Mji wenye watu 20,000 ambao kaya zake zina wastani wa watu 5 unahitaji makazi 4,000. Tuseme miaka 15 baadaye watu ni wale wale 20,000, hakuna ongezeko hata la mtu mmoja, ila vijana wamechelewa kuoa na wanapanga vyumba vyao, wazee wanaishi peke yao, na wastani umeshuka kuwa watu 4. Makazi yanayohitajika sasa ni 5,000. Kama kila makazi mapya yanapewa kiwanja cha mita za mraba 400, zile kaya 1,000 za ziada zinadai hekta 40, kabla hujahesabu barabara, mifereji na maeneo ya wazi. Mji haukuongezeka, lakini umepanuka. Kasi ya ongezeko la watu ilikuwa sifuri, na mpangaji aliyeitegemea peke yake atasema hakuna haja ya kupima kiwanja kipya, kisha atashangaa makazi holela yanatoka wapi. Ikiwa utakumbuka jambo moja tu kutoka kwenye jibu hili, kumbuka kuuliza ukubwa wa kaya umekuwa ukielekea wapi kati ya sensa mbili au tatu zilizopita.

Umri nao una hesabu yake. Weka miji miwili pamoja, kila mmoja na watu 20,000. Katika wa kwanza piramidi ya umri, yaani mchoro unaopanga watu kwa umri na jinsia huku watoto wakiwa chini, ina kitako kipana na watoto wa umri wa shule ya msingi ni asilimia 20, yaani 4,000. Katika wa pili kitako kimebana na watoto hao ni asilimia 8, yaani 1,600. Kwa shule za wanafunzi 800, mji wa kwanza unahitaji shule tano na wa pili mbili. Wa pili lakini utahitaji zahanati zinazofikika bila ngazi, na njia za miguu ambazo mzee mwenye mkongojo anaweza kuzipita. Piramidi ikionyesha wanaume wa miaka 20 hadi 34 wakiwazidi wanawake wa rika lao kwa mbali, jua kwamba kuna mgodi, kambi au kiwanda, na kwamba kinachohitajika kwa sasa ni vyumba vya kupanga kuliko viwanja vya familia. Ikionyesha kinyume chake, pengine wanaume wako mbali wanakofanya kazi, na wanaolima na kuamua mambo ya shamba kila siku ni wanawake ambao huenda majina yao hayamo kwenye hati yoyote.

Kuna matumizi ya ardhi ambayo karibu kila mpango huyasahau, nayo ni makaburi. Mji wa watu 20,000 wenye vifo 7 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka huzika watu 140, na katika miaka 20 huzika 2,800 hata kama hauongezeki. Kwa mita za mraba 5 kwa kila kaburi pamoja na njia zake, hiyo ni hekta 1.4. Si eneo kubwa, lakini lisipotengwa mapema hutafutwa baadaye kwa haraka, mara nyingi mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na ambapo mtu mwenye akili timamu asingechimba.

Uhamaji ndio kipengele kigumu kuliko vyote, kwa sababu uzazi na vifo hubadilika polepole lakini mtu anaweza kuhama kwa wiki moja. E. G. Ravenstein, alipochambua sensa za Uingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, aliona kwamba wahamaji wengi huenda umbali mfupi, na kwamba watu huelekea mjini kwa hatua, kijiji kinachopoteza watu kikijazwa na wanaotoka mbali zaidi. Mpangaji anafaidika na hilo moja kwa moja: wakazi wapya wa mji wengi wao wanatoka vijiji vya jirani, bado wana mashamba huko, na mpango wa mji usiotazama vijiji hivyo unakata kitu kimoja vipande viwili.

Hapa ni muhimu ujue sensa unayoisoma ilimhesabu nani. Baadhi ya sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, nyingine humhesabu kwenye makazi yake ya kawaida. Namba hizo mbili zinaweza kuachana sana kwenye mji wa chuo, wa bandari au wa utalii. Tena zote mbili ni namba za usiku. Katikati ya mji, ambako karibu hakuna anayelala, panaweza kuwa na maelfu ya watu saa nne asubuhi, wote wakihitaji vyoo, maji na njia za kupita, na kwenye jedwali la sensa eneo hilo litaonekana karibu halina watu.

Mfano ninaoupenda wa jinsi uhamaji na teknolojia vinavyoupita mpango uko Uholanzi. Noordoostpolder ni ardhi iliyokaushwa kutoka majini mwaka 1942, tambarare mpya isiyokuwa na mwenyeji, na wapangaji walikuwa huru kuweka vijiji popote. Waliweka mji mmoja katikati, Emmeloord, na kuuzungushia vijiji kumi, kwa mantiki inayofanana sana na nadharia ya mahali pa kati aliyoitoa Walter Christaller mwaka 1933, inayoeleza jinsi vijiji vinavyojipanga kuuzunguka mji unaovihudumia. Umbali kati ya kijiji na shamba ulipimwa kwa baiskeli, maana ndicho chombo ambacho kibarua wa shamba angekitumia. Ulikuwa mpango wa busara kwa watu waliokuwa wakifikiriwa. Kisha matrekta yakaja, vibarua wakahitajika wachache, na magari yakamfikisha mkulima mjini bila kupitia dukani kijijini. Vijiji vingi havikufikia ukubwa uliokusudiwa. La kusifu ni kwamba wapangaji walijifunza: walipofika kwenye sehemu iliyofuata ya ardhi iliyokaushwa, mashariki mwa Flevoland, walipunguza sana vijiji walivyokuwa wamevikusudia, vikabaki Dronten, Biddinghuizen na Swifterbant. Walichokirekebisha ni dhana yao kuhusu idadi ya watu ambao shamba moja lingewahitaji.

Hiyo inanileta kwenye makadirio. Kanuni ya kugawanya 70 kwa kasi ya ongezeko itakupa miaka ya watu kuongezeka maradufu: kwa asilimia 2 ni miaka 35, kwa asilimia 3 ni miaka 23 hivi. Ni kanuni ya mezani, nzuri kwa kuanzia mazungumzo. Kazi yenyewe ifanye kwa kufuata marika, njia ambayo Edwin Cannan aliitumia kwa England na Wales mwaka 1895: watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 leo ndio watakaokuwa na miaka 10 hadi 14 baada ya muongo mmoja, ukiondoa watakaofariki na watakaohama, ukiongeza watakaohamia. Uzuri wa njia hii ni kwamba inakulazimisha kuandika dhana zako moja moja, na kila msomaji anaweza kukupinga kwenye mstari anaoujua.

Eneo linapokuwa dogo, kosa linakuwa kubwa. Mji wa watu 40,000 ukikua kwa asilimia 2 kwa mwaka utafika watu 59,400 hivi baada ya miaka 20. Kwa asilimia 3 utafika 72,200, kwa asilimia 4 utafika 87,600. Hakuna mwenye uhakika wa kuchagua kati ya hizo tatu, maana kufunguliwa kwa barabara moja au kufungwa kwa kiwanda kimoja kunatosha kukuhamisha kutoka moja kwenda nyingine, na tofauti kati ya ya chini na ya juu ni watu 28,000, karibu mji wa pili. Ninachoshauri ni kuacha kuufunga mpango kwenye mwaka. Usiandike "shule ya tano ijengwe mwaka wa kumi". Andika kwamba shule ya tano itaanza kujengwa watoto wa umri wa shule wakifika 3,200, eneo lake litengwe na kuwekewa mipaka leo, na hesabu yao ifanywe kila baada ya miaka miwili. Mji ukikawia, hakuna kilichopotea. Ukikimbia, eneo lipo na halijavamiwa.

Brasília, mji mkuu wa Brazili, inaonyesha gharama ya kutofanya hivyo. Mji ule uliozinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 kwa mpango wa Lúcio Costa ulikusudiwa watu 500,000, ukiwa na nafasi kwa kila kitu, isipokuwa kwa wale waliokuwa wakiujenga. Wajenzi walikuja kwa maelfu na kuishi kwenye kambi, na walipokataa kuondoka ikabidi mji wa pembeni, Taguatinga, uanzishwe mwaka 1958, miaka miwili kabla ya mji wenyewe kuzinduliwa. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta watu zaidi ya milioni 2 katika Wilaya ya Shirikisho, wengi wao wakiwa nje ya eneo la mpango wa awali, mbali na kazi zao. Kosa la kukadiria ni wangapi si kubwa kuliko kosa la kutouliza ni nani. Mtu yeyote aliyezoea kuuliza nani atahamia na atalala wapi angewaona wajenzi wale kwenye siku ya kwanza ya kazi.

Wala usidhani kwamba kupanga ni kupanga ongezeko tu. Idadi ya watu wa Japani ilifika kilele mwishoni mwa muongo wa 2000, karibu milioni 128, na tangu hapo inashuka. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 hivi, karibu asilimia 14 ya nyumba zote. Mwaka 2014 sheria ilirekebishwa ili manispaa ziweze kuchora maeneo ambamo makazi na huduma vitavutwa vikaribiane, na kwingine kuachwa kupungue taratibu. Kuamua mtaa upi usikarabatiwe bomba la maji ni jambo gumu kisiasa kuliko kupima viwanja vipya, na linahitaji ujue umri wa wakazi wa kila mtaa kwa undani ambao jumla ya manispaa haiwezi kukupa.

Kuhusu masomo, nitakuwa mfupi. Jifunze mbinu za demografia mpaka uweze kutengeneza jedwali la uhai (linaloonyesha ni wangapi wa kila umri hufikia umri unaofuata) na makadirio ya marika kwa mkono wako, kabla hujaiachia programu ikufanyie. Jifunze Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, pamoja na data za watu zilizotawanywa kwenye miraba midogo, kama zile za WorldPop za Chuo Kikuu cha Southampton, lakini jifunze pia zinavyotengenezwa. Nyingi zinakadiria watu kutokana na majengo yanayoonekana kutoka angani. Niliwahi kujivunia ramani yangu ya makazi iliyohesabiwa kwa mapaa, mpaka nilipokwenda uwanjani nikakuta kwamba mtaa niliouona kuwa na watu wengi kuliko yote ulikuwa safu za mabanda ya kuku. Soma sheria ya ardhi ya nchi utakayofanyia kazi, maana humo ndimo neno "tupu" hupata nguvu ya kisheria. Na jifunze kuuliza maswali kwa adabu na kusubiri jibu, kwa sababu sababu ya mtu kuishi mahali haimo kwenye satelaiti. Uwe mwangalifu na majina na ramani zenye maelezo ya kaya moja moja. Orodha ya kaya iliyokusanywa kwa nia ya kupeleka maji inaweza kesho ikatumiwa kuwahamisha watu.

Kuhusu tasnifu, chagua eneo dogo ambalo tayari lina mpango wa matumizi ya ardhi wenye umri wa miaka 10 au zaidi, na ambalo limepitiwa na sensa mbili. Toa kwenye mpango kila dhana kuhusu watu, iliyoandikwa na iliyojificha: ukubwa wa kaya uliotumiwa kugawa viwanja, idadi ya wanafunzi iliyotumiwa kuweka shule, hekta kwa kila kaya ya mkulima. Ziweke kwenye safu moja. Kwenye safu ya pili weka kilichotokea kwa mujibu wa sensa. Kisha tembea mpaka wa eneo kwa miguu, ukiwa na picha ya angani ya mwaka wa mpango na ya mwaka huu, na usimame pale ambapo mpango uliandika kitu kimoja na watu wakafanya kingine. Waulize wanaoishi hapo walifika lini, wakitokea wapi, na shamba lao liko upande gani. Safu ya tatu itatokana na majibu hayo, nayo mwombe mwenzako wa mipango ya ardhi muijaze pamoja.